Wimbo wa Dansi kwa Sauti ya Tantine

Juzi, dukani Muhima, redio ilipiga wimbo wa dansi ambao kila mtu anaujua. Sikuutambua mara moja, kwa kuwa mimi niliuzoea kwa sauti ya shangazi yangu, niliyemwita Tantine. Alasiri moja utotoni mwangu alikuwa akipiga pasi shati la mumewe, na chumba kilinuka mkaa na kitambaa cha moto. Niliambiwa mumewe, niliyemwita Tonton, yuko safarini. Leo najua askari walimchukua.

Aliuimba wimbo huo taratibu, kama wa kanisani.

"Tantine, mbona polepole hivyo?"

"Ili asikie kila neno, mwanangu."

Nikadhani amerudi. Nilikimbilia chumbani kwao nikiita, "Tonton! Tonton!" Kitanda kilikuwa kitupu. Nyuma yangu wimbo ulikatika, na Tantine hakuuimba tena.