Picha ya Juu ya Paa la Lifti

Mafundi wenzake humwita Bisibisi, kwa sababu tangu akiwa mwanafunzi alizoea kuchomeka moja kwenye nywele na kuisahau huko. Ana miaka thelathini na mitatu. Kwa miaka kumi na mmoja ametengeneza lifti za maofisi, za hoteli na za nyumba za kupanga, ambako watu hubonyeza kitufe kwa kiwiko kisha wakamlaumu fundi mlango usipofunguka. Akisimama sebuleni mwa jengo anaweza kukwambia, kwa sikio tu, lifti ipi ina gurudumu la mlango lililolika.

Mwaka huu aliomba nafasi ya msimamizi wa mafundi katika hospitali yenye ghorofa tisa na lifti nne. Usaili wa kwanza ulikwenda vizuri. Siku nne baadaye afisa utumishi wa hospitali akampigia simu.

"Tumepitia kurasa zako za mtandaoni," alisema mama huyo. "Kuna picha moja ya zamani. Mhandisi mkuu anataka mzungumze kabla hatujaamua. Alhamisi, saa nne asubuhi."

Bisibisi hakuuliza ni picha ipi.

Ilikuwa ya miaka tisa nyuma. Amekaa juu ya paa la lifti, ndani ya shimo lake, miguu inaning'inia, bila kofia ngumu wala mkanda wa usalama, anacheka meno yote nje. Chini yake aliandika: "Mkanda ni wa waoga." Fundi mzee aliyemfundisha kazi alikuwa ameacha komenti: "Binti, vaa mkanda. Mimi nimezika wawili." Naye akamjibu: "Mzee, nenda kalale." Watu mia mbili na kumi na wawili walikuwa wameipenda.

Dada yake mkubwa, karani wa shule, alikuja jioni ya siku ile aliyopigiwa simu, na jambo moja tu mdomoni.

"Futa."

"Wameshaiona, dada."

"Basi useme uliibiwa simu. Useme ni pacha wako."

"Pacha wangu naye fundi lifti?"

"Wewe mtoto, watu wanafukuzwa kazi kwa picha za kucheza ngoma, sembuse wewe unayening'inia kama popo! Lete simu."

Bisibisi hakuitoa. Katika chumba cha mashine kila lifti ina daftari lake, na fundi akikosea kuandika hafuti. Anapiga mstari mmoja, maneno ya kwanza yabaki yakisomeka, anaandika lililo sahihi pembeni, anaweka saini na tarehe. Anayechana ukurasa hafanyi kazi tena pale. Kwake, kufuta ile picha sasa kungekuwa kuchana ukurasa mbele ya watu waliokwisha kuusoma.

"Unajiamini mno," dada yake alisema, akachukua mkoba wake.

Alhamisi alifika robo saa kabla. Ofisini, ghorofa ya saba, walikuwa wawili: afisa utumishi, mwenye picha ile imechapwa kwenye karatasi ndani ya faili, na mhandisi mkuu, mzee mwembamba aliyevaa miwani mbili, moja machoni na nyingine kwenye paji la uso.

"Huyu ni wewe?" mhandisi aliuliza.

"Ni mimi, mzee. Nilikosea, na sijafanya hivyo tena. Miaka minane nimesimamia wanagenzi na hakuna aliyeumia. Orodha yao mnayo."

Alikuwa amelipanga jibu hilo, na lilitoka limenyooka. Mhandisi akatikisa kichwa taratibu.

"Picha ni ujana. Mimi nasumbuliwa na hii komenti. Mtu mzima amekuonya, umemwambia akalale. Hapa nina mafundi sita. Mmoja akikuonya wewe, utamjibu nini?"

Hilo hakuwa amelipangia jibu. Bisibisi alitazama karatasi, kisha akaacha kuitazama.

"Nikueleze siku ile ilivyokuwa," alisema. "Mwenzangu alipiga picha akiwa amesimama mlangoni, ghorofa moja juu yangu. Akashuka kufuata waya. Mimi nikabaki palepale juu ya paa. Swichi ya matengenezo sikuwa nimeigeuza, kwa hiyo lifti ilikuwa bado inasikiliza vitufe. Mtu wa ghorofa ya mwisho akaiita. Ikapanda na mimi. Nilipopata kitufe cha kuisimamisha, kati ya kichwa changu na dari ilibaki shubiri moja."

Afisa utumishi aliweka kalamu chini.

"Na picha uliiweka mtandaoni lini?"

"Jioni yake. Mikono bado inatetemeka. Nilikuwa nimeogopa kuliko siku yoyote, na sikutaka mtu ajue. Mzee wangu aliponiandikia vile niliona kama ameniona. Ndiyo maana nikamtukana."

"Uliandika kwenye daftari la lifti?" mhandisi aliuliza.

"Hapana."

"Umemwambia nani?"

"Ninyi wawili ndio wa kwanza."

Mhandisi alishusha miwani ya kwenye paji, akagundua si yenyewe, akairudisha.

"Ukimkuta fundi wako amekaa hivi?"

"Nazima umeme, namshusha, namhadithia hiyo shubiri. Siku hiyo hapandi tena. Kesho yake anapanda mbele ya macho yangu, na mkanda."

"Akikwambia, mama, nenda kalale?"

"Basi atakayekwenda kulala ni yeye, na nyumbani kwao."

Afisa utumishi alicheka kabla hajajizuia. Wakamwomba asubiri nje. Alikaa kwenye benchi la korido dakika ishirini, mgongo umenyooka. Aliona afadhali akose kazi akiwa amesema kweli kuliko kuipata kwa lile jibu alilokuwa amelikariri.

Walipomwita, mhandisi alizungumza akiwa amesimama.

"Unaanza Jumatatu. Miezi mitatu ya majaribio kama kila mtu. Lakini Jumatatu hiyohiyo, saa moja na nusu, utasimama mbele ya mafundi wangu sita na hii picha, na uwaambie uliyotuambia. Yote. Na kule kutetemeka."

"Wataniheshimu baada ya hapo?"

"Wawili watakucheka. Hao ndio wa kuwachunga."

Bisibisi alinyoosha mkono, akaomba ile karatasi. Afisa utumishi alisita kidogo, akaichomoa kwenye faili, akampa. Kwenye korido lifti namba mbili ilikuwa imejaa vitanda vya wagonjwa, kwa hiyo alishuka kwa ngazi, ghorofa zote saba, akipanga sentensi ya kwanza ya Jumatatu.