Mwamvua hataki kuanza na window

Saa tatu asubuhi jua bado halijafika kwenye kibaraza cha fremu moja ya duka huko Ngarenaro, Arusha, na Mwamvua Saadi ameweka sikio juu ya laptop ya mteja. Anabonyeza kitufe cha kuwasha. Taa inawaka. Nembo inatokea kwenye kioo, vidoa vinaanza kuzunguka, halafu mashine inazimika yenyewe. Anabonyeza tena. Safari hii inazimika hata nembo haijatokea.

"Umesikia?" anamuuliza mwenye mashine.

Elinaza Akyoo, mwalimu wa kwaya kutoka Akheri, anasema hajasikia kitu.

"Ndiyo shida yenyewe. Feni ilitakiwa ilie, haikulia. Inapata joto, inajizima isiungue."

Elinaza hana uhakika kama aamini. Jana aliipeleka kwa fundi mwingine mjini, naye hakuifungua hata kidogo. Aliitazama tu, akatamka maneno ambayo mafundi wengi wa Arusha huyatamka kabla mteja hajavuta kiti: piga window.

Kupiga window ni kufuta kilichomo na kuweka mfumo mpya. Ni kazi nyepesi na ina hela ya haraka. Fundi anachomeka flash, anabonyeza mara chache, anakwenda kunywa chai. Akirudi, mashine ni safi kama ilivyotoka dukani. Picha za msiba, mahubiri, kazi ya mwaka mzima ya mwanafunzi, vyote vimekwenda. Wateja wengine hugundua wakiwa wameshafika nyumbani, na wengi wao hawarudi kulalamika kwa sababu hudhani ndivyo matengenezo yalivyo.

Mwamvua anaiita tabia hiyo uvivu. Anaiita hivyo kwa sauti kubwa, bila kujali nani anasikia.

Ana miaka thelathini na minane. Baba yake alitoka Kondoa akafungua banda la spea za redio mtaa huu huu, na binti alicheza na bisibisi kabla ya kuijua kalamu. Shule aliishia kidato cha pili. Baadaye aliajiriwa kwenye duka la kompyuta katikati ya jiji, akadumu hadi siku bosi alipomtaka apige window kwenye laptop ya mama mmoja mwenye picha za mtoto wake aliyefariki. Alikataa. Bosi akamwambia ameligeuza duka kuwa hospitali.

"Nikamwambia basi wewe umeligeuza kuwa makaburi. Nikachukua mkoba wangu."

Sasa anakodi nusu ya kibaraza. Nusu nyingine ni ya Brayson, fundi wa simu ambaye ni mdogo kwake na hamwachi apumue kwa utani. Wateja wapya wakipanda ngazi humpita Mwamvua na kumuuliza Brayson fundi wa laptop yuko wapi. Brayson huwaelekeza kwa kidole. Wengine husita. Mwamvua huwaambia wanaweza kusita wakiwa wamekaa, viti vipo.

Ana desturi moja ambayo wenzake wanaicheka. Haulizi kwanza mashine imefanya nini. Anauliza inakaa wapi. Laptop ya dereva wa watalii, anasema, hufa kwa mtikisiko na vumbi la barabara. Ya muuza chipsi hufa kwa mafuta. Ukijua inapolala unajua pa kuanzia.

Elinaza anajibu kwamba yake inakaa sebuleni, mezani, na anaitunza sana. Anaifunika.

"Unaifunika na nini?"

"Kitambaa. Mke wangu amekifuma kwa sufu, kwa mkono. Si unajua vumbi la kule, dada."

"Ikiwa imezimwa?"

Elinaza anafikiri. Anasema hata ikiwa imewaka. Akiiacha inakili nyimbo za kwaya huku yeye anakamua ng'ombe, Vaileth, mkewe, hupita akaifunika isiingie uchafu, kama anavyofunika televisheni, redio na migongo ya makochi.

Brayson anacheka hadi anaweka simu ya mteja chini. "Mwalimu, umeivisha sweta."

Mwamvua hacheki. Anaifungua mashine, anatoa betri, kisha anachomoa kwa kibano kitu kilichojisokota kwenye feni. Ni nyuzi za sufu, nyeupe na kijani, zimeshikamana na vumbi hadi zimekuwa kama kipande cha blanketi. Anazipanga juu ya karatasi, mbele ya Elinaza. Anapuliza ndani kwa blowa, anafuta dawa ya kupozea iliyokauka, anapaka nyingine, anafunga.

Feni inalia. Nembo inatokea, vidoa vinazunguka, mashine haizimiki. Elinaza anasimama kushukuru, lakini anasimama mapema. Kioo kinakuwa cha bluu, kinaandika kwamba mfumo unajirekebisha, mashine inajiwasha upya, kinaandika tena yale yale. Kila ilipozimika ghafla ilijiumiza kidogo, na sasa haijui pa kuanzia.

Brayson anaona zamu yake imefika. "Sasa hapo unabisha nini, bi mkubwa? Window."

Mwamvua anajaribu njia anazozijua, moja baada ya nyingine. Mchana unafika. Bluu inarudi kila mara. Ni Elinaza mwenyewe anayekata tamaa. Anasema amechoka, ametoka mbali, na kama imeshindikana wapige tu hiyo window arudi nyumbani.

"Kuna nini humu ndani?" Mwamvua anamuuliza.

Elinaza anaeleza. Mama yake, Bibi Maria, ndiye aliyekuwa akijua nyimbo za Kimeru za kusindikiza bibi harusi, zile ambazo kwaya haiziimbi. Elinaza alimrekodi jikoni jioni moja, na nia yake ilikuwa kurudi kumrekodi zaidi. Kabla hajarudi, mama alipata kiharusi. Yupo hai, anakula, anawatambua watu wote, lakini sauti haijarudi tena. Kilichobaki ni rekodi ile, na imo humu tu.

"Na ulitaka nikufutie?"

"Yule wa jana alisema hakuna njia nyingine."

"Yule wa jana hakukuuliza. Mimi nimekuuliza, na nimesikia. Kwa mikono hii haifutwi, hata ukinilipa mara mbili. Kaa chini, mwalimu."

Anaifungua tena laptop na kuitoa diski. Anaiunganisha kwa waya kwenye kompyuta yake mwenyewe, kama mtu anayesoma flash. Kwa muda hakuna kinachoonekana. Anachomoa, anasafisha meno ya diski kwa raba ya penseli, anachomeka. Mafolda yanaanza kutokea. Mengine yanakataa kufunguka, na anamwambia Elinaza wazi kwamba baadhi ya nyimbo za kwaya zimeharibika, hawezi kuzirudisha. Elinaza anasema kwaya wapo, wataimba tena.

Folda ya mama inafunguka.

Inayotoka kwanza kwenye spika si wimbo. Ni sauti ya mwanamke mzee akifoka kwa Kimeru. Brayson anazima redio yake. Elinaza amevua kofia, ameishika kwa mikono miwili.

"Anasema nini?" Mwamvua anauliza kwa sauti ya chini.

"Anasema niondoe mashine yangu hapo mbele, maziwa yatafurika."

Halafu bibi anaimba.

Mwamvua ananakili vyote kwenye flash, kisha kwenye flash ya pili, na kumwambia Elinaza hiyo ya pili aiweke kwa jirani. Anarudisha diski mahali pake. Baada ya hapo anachomeka flash nyingine na kuanza kupiga window.

Brayson hawezi kunyamaza. Anamuuliza kama si yeye aliyekuwa akikataa tangu asubuhi.

"Nilikataa kuanza nayo, mdogo wangu. Kumalizia nayo sijakataa."

Jumamosi Elinaza alirudi, hana laptop mkononi, ana mkungu wa ndizi. Alisema walimwekea mama rekodi akiwa kitandani. Mama alisikiliza wimbo amefumba macho, na mkono wake ulio mzima ulipiga mapigo juu ya shuka. Akaonyesha kwa ishara arudishiwe mwanzo, pale pa maziwa. Hapo alicheka, na wajukuu wakamsikia.

Mwamvua anasimulia hayo huku anaifungua mashine nyingine. Mpango wake ni kuhama kibarazani na kukodi fremu nzima, ng'ambo ya barabara, kabla mvua za masika hazijaanza. Mwenye fremu amekubali. Bango ameshaliagiza, nalo litaandikwa: KABLA YA WINDOW TUNATOA MALI YAKO.

Mchora mabango alimshauri abadilishe. Alisema maneno hayo yatawaudhi mafundi wa mtaa mzima, na watamnyima wateja.

Mwamvua alimwambia aongeze ukubwa wa herufi.