Bomba la Chuma Nililolidai

Wanawake wa avenyu yetu walinichagua nisimamie kazi ya kisima kwa sababu mimi huuza samaki wakavu wa Kinkondja, na sijawahi kumnunua hata mmoja bila kumgeuza mgongo na tumbo. Visima vyetu vya jembe vilikuwa vikikauka kila kiangazi. Uwezo wetu ulitosha kutoboa tundu moja tu. Likikosa maji, basi tena.

Wachimbaji walitaka kukinga sehemu ya juu ya tundu kwa bomba la plastiki. Nikakomaa mpaka wakaweka chuma. Sisi wa mji wa reli tunajua: kitu ambacho hakuna mwizi anayekitaka, hakifai.

Mashine ikatoboa, udongo ukapanda ukiwa umelowa. Nikasema tumefika. Enjenieri wao, mwenye kofia safi mno kwa kazi ile, akasimamisha kila kitu akashusha fimbo ndefu kwa waya. Alisema inapeleka sumaku na umeme mwambani: udongo wa mfinyanzi hupitisha sana, jiwe kavu halipitishi, jiwe lililopasuka lenye maji liko katikati.

Akatazama mstari uliojichora kwenye kioo cha mashine yake. "Mama, hapa ni udongo tu. Iko na mayi, lakini inayakamata. Tushuke tena."

"Munalipwa kwa kila metre, njo maana machine inasema mushuke?"

Jirani yangu, mke wa askari, aniitaye yaya, dada mkubwa, akacheka. "Yaya, umugeuze kama samaki!"

"Na kule juu," nikaendelea, "mbona mustari ilikuwa inarukaruka kama mulevi?"

"Ile ni chuma yako, mama. Inaziba machine masikio. Tungeweka plastiki, tungesikia mupaka juu."

Nililimeza hilo bila maji. Lakini nilijua chuma changu kinaishia wapi. Mabomba yalipoingia niliyahesabu, nikarudia. Nikapima waya urefu uleule kutoka kwenye fimbo, nikafunga kipande cha kitenge hapo.

"Weye enda na kioo yako nyuma ya lori, usione waya. Minyi njo nitashusha."

Nikashusha polepole. Sauti ikatoka nyuma ya lori: "Chuma... chuma... imetoka mu chuma!" Kitenge kilikuwa mdomoni mwa tundu. Nikavuta juu kimyakimya.

"Umerudi mu chuma, mama. Minyi siko kipofu."

Wenzangu wakapiga vigelegele, sijui vya nani. Nikasema, "Basi, toboeni."

Walipita udongo, vikatoka vipande vya jiwe. Fimbo ikashuka tena. Pale iliposema jiwe limepasuka, wakaweka bomba lenye matundu. Walipopuliza hewa ndani, maji yalitoka mekundu, kisha ya rangi ya maziwa, kisha maangavu. Wanawake wakakimbia na mabeseni.

"Mungoje! Yeye wa kwanza." Nikampa enjenieri kikombe cha maji.

Akanywa yote, akanirudishia. Nikachungulia ndani kuona kama kweli yameisha.