Siku Taratibu Alipofungua Dashibodi ya Shemeji Yake

Gereji yetu ina mafundi wengi wa kupiga domo na mmoja tu wa kubadilisha hita. Huyo tunamwita Taratibu. Mimi nauza vipuri vya mtumba pale pale getini, na tumekuwa majirani muda wa kutosha kujua kwamba jina hilo hakupewa bure, alilitafuta. Baba yake alikuwa mtu wa kupiga. Alipiga mke, alipiga watoto, na siku mkono ukikosa pa kutua, mbwa alipata zamu yake. Taratibu na dada yake walikulia chini ya kitanda. Aliwahi kuniambia kwamba ombi lake hapa duniani ni moja, asije akafanana na yule mzee. Ndiyo maana akachagua kazi isiyotaka hasira.

Na kweli hita haitaki ubabe. Kinachovuja ni kirejeta kidogo, hakizidi kitabu cha shule. Maji ya moto ya injini yanapita humo, feni inapuliza, ndani ya gari panakuwa na joto. Lakini waliounda magari wamekificha nyuma ya dashibodi nzima, mimi nasema ni kwa roho mbaya tu. Ili ukifikie unamwaga maji, unachomoa betri, unatoa viti, redio, usukani, unashusha mhimili wake, unafuata skrubu zilizojificha kama wadaiwa, ndipo watu watatu mnainua dashibodi. Plastiki iliyozeeka ukiikoholea tu inapasuka. Vidole vinachunika mpaka nyama. Mafundi wavivu huunganisha ile mipira miwili ya maji huko kwenye injini, maji yakairuka hita, halafu wanamwambia mteja anunue koti.

Taratibu hafanyi hivyo. Tena ana desturi yake. Dashibodi humeza vitu: sarafu, pini za nywele, vifuniko vya kalamu. Kila anachokuta anakiweka kwenye kifuniko cha ndoo, na mwenye gari akija anakabidhiwa vyake vyote, hata liwe ganda la pipi.

Gari la siku hiyo lilikuwa la dada yake, mshonaji wa sare za shule, ila aliyeliendesha kila siku ni mumewe. Mwanamume wa manukato na viatu vya kung'aa. Sikumpenda tangu zamani na sasa nasema wazi. Alilileta asubuhi ya mvua na baridi ya kukata mifupa. Zulia lililowa upande wa abiria, vioo vimejaa ukungu.

"Shemeji, nifanyie hii kazi vizuri," alisema. "Nitapita mchana."

"Dada hajambo?"

"Hajambo. Jino tu ndilo lilimsumbua, likang'olewa."

Hilo la jino tulishalisikia. Dada mtu alikuwa akipita getini amejifunika mdomo kwa skafu, anatusalimia kwa macho.

Kufika saa sita dashibodi ilikuwa nje, imelazwa juu ya meza ya kazi. Nilimpelekea kirejeta nilichomtafutia, nikamkuta amechuchumaa. Alinionyesha kwa kidole. Upande wa abiria plastiki ilikuwa imepasuka nyufa tatu, zote mahali pamoja. Halafu akaingiza koleo kwenye mwanya unaotolea hewa ya kioo cha mbele, akavuta kitu, akakiweka kiganjani. Lilikuwa jino la mtu, limekatika, na damu imekaukia juu yake.

"Mama Vipuri, hili nalijua," alisema. "Lilimeguka pembeni, dada aliangukia ngazi tulipokuwa tunamkimbia baba."

Nikamwambia hasira hasara, apige simu polisi, awaite wazee wa ukoo, afanye lolote lakini asiguse spana. Aliitikia kwa kichwa. Akaliweka jino kwenye kifuniko pamoja na sarafu, akarudi kusugua sanduku la hita kwa brashi. Utulivu ule ndio ulionitisha.

Shemeji alikuja mvua ikiwa imezidi. Taratibu alimkabidhi kifuniko kwa mikono miwili, kwa heshima zote.

"Vya kwenye dashibodi. Chagua vyako."

Yule alichungulia. Uso ulimbadilika kidogo tu.

"Alianguka bafuni."

"Bafu lako lina dashibodi?"

"Sikiliza, shemeji. Mambo ya ndani kwangu hayakuhusu. Ulimtoa mwenyewe dada yako, mahari mkala. Wewe funga hita."

Akakitupa kile kifuniko. Jino likatumbukia kwenye dimbwi la maji ya rejeta sakafuni, naye akalikanyaga kwa kile kiatu chake.

Sikuona mkono ulivyoondoka. Nilichoona ni shemeji ameshikwa kisogo, na uso wake unashushwa juu ya dashibodi, pale pale penye nyufa. Mlio wake sitausahau. Taratibu akamwinua, akauliza kwa sauti ya chini kabisa, "Ni hapa? Au nisogeze kidogo?" Akamshusha tena. Pua ilipasuka, damu ikaruka mpaka kwenye mita ya mwendo. Shemeji alipapasa mezani, akapata spana namba kumi na saba, akamtandika nayo juu ya jicho. Ngozi ilichanika, nyama ikaning'inia, lakini Taratibu hata hakupepesa. Akaikwapua ile spana, akamvunja nayo vidole. Wanyoosha bodi wawili, mafundi wenzake, walikuja mbio kuamua ugomvi. Mmoja alipigwa kiwiko akakaa kwenye oili, mwenzake akarudi nyuma kutafakari. Mimi nilimpiga Taratibu mgongoni kwa ufagio mpaka mpini ukakatika. Ni kama nilikuwa napiga ukuta.

Nilijua anaua. Basi nikampigia dada yake, maana duka lake la kushonea liko ng'ambo ya barabara.

Alikuja anakimbia, utepe wa kupimia uko shingoni, skafu imedondoka njiani. Shemeji wakati huo alikuwa chini, na kaka mtu amempandia kifuani, ngumi inapanda na kushuka. Dada alisimama mlangoni. Akapiga kelele ya mtoto mdogo.

"Baba! Baba, basi! Inatosha, baba!"

Ngumi ilikwama hewani. Taratibu aligeuka kutazama nani anaitwa. Nyuma yake hakukuwa na mtu.

Wanyoosha bodi walipata nafasi, wakamburuta shemeji mpaka kwenye pikapu, wakamkimbiza hospitali. Alikuwa hai, analia, anatema meno yake mwenyewe. Polisi wangefika, hilo halikuwa na shaka.

Dada hakumwuliza kaka yake lolote kuhusu jicho lililochanika. Aliuliza, "Gari langu linaweza kuondoka?"

Linaweza, nikasema mimi. Taratibu aliifanya ile kazi aliyoidharau maisha yake yote: aliunganisha mipira miwili, akajaza maji, akarudisha betri, usukani na kiti cha dereva. Pale penye dashibodi palibaki nyaya zinaning'inia.

"Twende kwangu," Taratibu alimwambia. "Chumba kipo."

"Nilikuwa nije kwako, kaka. Jumamosi. Nimeshafunga nguo." Alisema bila kumtazama. "Sasa naenda kwa mwenzangu tunayeshona naye."

"Mimi siwezi kukugusa, mdogo wangu. Unanijua."

"Nakujua," alisema, akaingia garini.

Akawasha. Bila hita, pumzi yake na ile mvua vilijaza kioo ukungu pale pale, haoni hata geti. Taratibu aliokota kitambaa safi, akainama dirishani, akaupitisha mkono mbele yake ili amfutie kioo.

Dada alijikunja kama karatasi, viganja vyote viwili usoni.

Mkono ulibaki hapo, na damu imeganda kwenye vifundo. Taratibu aliutoa polepole sana, kwa namna anavyotoa plastiki iliyozeeka asiivunje. Akanigeukia, akaninyooshea kitambaa.

"Mfutie wewe," aliniambia, akaenda kusimama mbali, kwenye mvua, mikono ameificha nyuma.