Jike wa Thirza Hedley na Dume Wangu

Mara ya kwanza Thirza Hedley aliposimama mbele ya meza yangu katika soko la Alhamisi la Harlburn, hakuja kununua kitu. Alikuja kurudisha birika la umeme.

"Linavuja," alisema.

"Nilipokuuzia halikuvuja, mama."

"Uliponiuzia halikuwa na maji, mwanangu."

Kwetu huku kaskazini, karibu na mpaka wa Uskoti, wanawake wa rika lake humwita kila mtu mwanangu, hata yule wanayetaka afungwe jela. Nilimpa birika lingine. Akalifunua, akalinusa, akaomba maji kwa muuza chai wa jirani, akalijaza, kisha akasimama nalo hapo hapo mezani mpaka aliporidhika. Wateja wangu wengine walikuwa wakitazama, na baadhi yao wakarudisha vitu walivyokuwa wameshika.

Kilichonizuia kukasirika ni kapu lake. Ndani yake alikaa mbwa jike mwenye kichwa kipana kama cha fisimaji na manyoya magumu ya rangi ya ngano kavu. Hao ndio teria wa kwetu, mbwa wadogo ambao wachungaji waliwazalisha ili wamfuate mbweha mpaka ndani ya shimo lake. Mimi nilikuwa na dume wa teria wa Yorkshire, mdogo zaidi, mwenye nywele ndefu laini, niliyempata kwa kubadilishana na kabati. Jina lake Meja. Na nilikuwa nimeona jambo: watu wa Newcastle wanaokuja kutembea milimani wakati wa kiangazi walikuwa wameanza kuulizia machotara wa mbwa wadogo. Mwalimu mmoja wa kike alikuwa ameniachia hadi namba yake ya simu.

"Jike wako ana umri gani?" nikamuuliza.

"Kwa nini?"

"Nauliza tu."

"Mwenye meza hii haulizi tu."

Nikamweleza. Jike wake na dume wangu, watoto wadogo wenye ndevu, wanunuzi wako tayari. Alinisikiliza mpaka nikamaliza.

"Ukoo wa Jinny ulianza kabla baba yako hajazaliwa," alisema. "Unataka niuchanganye na hiyo kamba ya viatu unayoiita mbwa?" Akamwaga maji ya birika karibu sana na miguu yangu, akaenda zake.

Thirza alikuwa kondakta wa basi la bonde letu tangu usichana wake mpaka kampuni ilipoamua dereva akate tiketi mwenyewe. Watu waliopanda naye wanasema alimjua asiyelipa kwa kumtazama kisogo tu. Kazi ilikwisha, lakini jicho lilibaki. Yai analiweka kwenye maji kabla ya kulivunja. Padri akimsalimia kwa uchangamfu mno, humuuliza anataka nini. Mtu mmoja tu ndiye niliyesikia kwamba alimwamini, mumewe Amos, mpasua mawe wa machimboni aliyefuga teria kwa ajili ya wawindaji. Hawakujaliwa mtoto. Amos alipofariki, mbwa wake waligawanywa, wengine wakafa, wengine wakazeeka. Jinny ndiye jike wa mwisho wa mbegu ile, na yeye mwenyewe hakuwa kijana tena.

Majani yalipoanza kudondoka, Thirza akarudi mezani. Safari hii hakugusa kitu.

"Lile neno lako," alisema. "Nimekubali."

Mimi nimejifunza biashara kwa kuibiwa, na kanuni yangu ni moja: mtu aliyekukataa kwa matusi akirudi kwa upole, angalia mifuko yako. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Nikamuuliza masharti yake.

Hapa lazima niseme desturi. Kwetu mwenye dume halipwi fedha. Hulipwa kwa chaguo la kwanza, yaani watoto wakishaacha kunyonya, yeye huchagua mmoja kabla ya mtu mwingine yeyote, na waliobaki ni wa mwenye jike. Thirza aliigeuza desturi juu chini.

"Chaguo la kwanza liwe langu. Nataka jike mmoja tu. Wengine wote chukua wewe."

"Wote?"

"Umekuwa kiziwi, mwanangu?"

Machale yakanicheza. Nani anayegawa hivyo? Hata hivyo nilikubali, kwa sababu kukubali hakukuzuii kuchunguza, na jike hakuwa ameshika joto la kutaka dume bado.

Siku chache baadaye alinitaka nimpeleke Meja akamkague. Nikamkuta jikoni ameandaa chai na skonzi, jambo lililonitia wasiwasi zaidi. Akaniambia nimsimamishe Meja juu ya meza. Akampitishia viganja viwili nyuma ya mabega, vidole gumba vikakutana mgongoni na vingine vikakutana chini ya kifua. Bondeni kwetu teria hupimwa hivyo. Mbwa ambaye mikono ya mtu haimzunguki atakwama shimoni na kufia huko. Meja hajawahi kuona shimo maishani mwake, analala kwenye mto, lakini desturi ni desturi.

"Kifua kizuri," alisema Thirza, kama mtu anayelazimishwa kusifu mkwe. Akamshusha mapajani pangu. Hakutazama kitu kingine.

Nami nilimtazama Jinny. Alikuwa amelala chini ya meza, macho yanang'aa, pua yenye unyevu, meno mazima. Sikuona kasoro yoyote, na hilo likaninyima usingizi.

Basi nikaenda baa kumtafuta Cuthbert Nixon. Yeye ndiye mwenye dume bora wa teria wa mpakani katika bonde zima, na ni jirani wa Thirza, uani kwa uani.

"Eti Thirza anapandisha Jinny kwa dume wangu," nikamwambia.

Cuthbert akaweka glasi chini. Akacheka mpaka povu likamwingia puani. "Kwa ile kamba ya viatu?"

"Naona mnaambiana maneno."

"Bwana Tait, wewe ni mfanyabiashara. Hujajiuliza kwa nini hakuja kwangu? Ni hatua chache tu kutoka mlangoni kwake."

"Kwa nini hakuja?"

"Alikuja," alisema Cuthbert, akanyanyua glasi yake na kuanza kuzungumza na mtu mwingine habari za mpira.

Kesho yake asubuhi nilikwenda kwa Thirza bila taarifa, Meja nimemkumbatia ndani ya koti. Mlango wa jikoni ulikuwa wazi. Jinny alikuwa sakafuni, amelala ubavu, miguu imenyooka kama ya kiti kilichopinduliwa, shingo imekakamaa. Alikuwa akitetemeka kidogo na kunitazama. Thirza alikuwa amepiga magoti kando yake. Aliponiona, akavuta koti kuukuu la kiume na kumfunika mbwa.

"Anaota," alisema.

"Macho wazi?"

"Wengine huota hivyo."

Nikavuta kiti, nikakaa, nikanyamaza. Katika biashara anayenyamaza muda mrefu ndiye anayeambiwa bei ya kweli. Muda si muda Jinny akalegea, akasimama, akayumba, akaenda kunywa maji kana kwamba hakuna lililotokea.

"Dada yake alikuwa hivi hivi," Thirza alisema hatimaye. "Cuthbert alimwona. Akasema hataki damu hiyo ikutane na ya dume wake, maana nao ni ndugu kwa mbali. Ndipo nikafikiri, basi nitafute damu ya mbali kabisa. Chai ikiwa nzito, unaongeza maji."

"Na mimi uliniambia lini?"

"Hukuuliza."

"Nilikuuliza masharti yako."

"Hilo si sharti, hilo ni ugonjwa."

Hapo ndipo nilipoelewa ukarimu wake. Alitaka mtoto mmoja wa mbegu ya Amos, aliye mzima, wa kubaki naye. Wale wengine, wazima au wagonjwa, wangekuwa mezani kwangu, na wakianza kukakamaa katika sebule za Newcastle, namba ya simu itakayopigwa ni yangu. Ule ulikuwa mbuzi kwenye gunia, na gunia nimeshonewa mimi.

Nilikuwa nikijiandaa kumwambia hayo yote wakati Meja aliponiponyoka na kumkimbilia Jinny. Alikimbia kama kawaida yake: hatua kadhaa kwa miguu minne, kisha mguu mmoja wa nyuma unaning'inia hewani, kisha unashuka tena. Aliyenipa alisema ni maringo ya mbwa wa Yorkshire, nami nikaliamini neno la mtu aliyekuwa na haja ya kabati.

Thirza akakaza jicho, lile lile la kisogo cha abiria. "Mguu huo vipi?"

"Anacheza. Ndivyo walivyo."

"Miguu mitatu inakimbia, huo mmoja unacheza?"

Mimi ninayekagua hata sarafu nilikuwa nimeshinda na mbwa huyo muda wote huo bila kumkagua. Naye Thirza alimpima kifua mezani kwa mikono ya desturi, wala hakumwacha atembee. Tulitazamana kama wachuuzi wawili waliouziana noti bandia.

Tulikubaliana twende kwa daktari wa wanyama, kila mmoja akimshuku mwenzake kwamba ataenda peke yake kwanza na kupanga maneno. Kwa hiyo tulikwenda kwa basi moja. Njiani Thirza aliniambia kwamba madaktari hao wana chumba maalumu cha kubuni magonjwa.

Daktari, Bi Pringle, alikuwa msichana mwembamba mwenye mikono mekundu. Alimbonyeza Meja gotini na kile kifupa cha mbele ya goti kikateleza upande kwa sauti ndogo niliyoisikia kutoka nilipokaa. Alimsikiliza Thirza kuhusu kukakamaa, akauliza Jinny anakula nini, akasikia kwamba anakula mkate na skonzi, akakunja uso na kusema huenda ngano inamzidishia.

"Kuchanganya teria wawili si dhambi," alisema. "Wangekuwa wazima wote wawili, ningewaambia endeleeni, mradi mna watu wa kuwachukua watoto. Lakini goti hili kwa kawaida hurithiwa. Kukakamaa nako naona kunafuata ukoo."

"Damu ya mbali haioshi?" aliuliza Thirza.

"Uchotara si sabuni, mama. Wanaweza kutoka wazima wote. Anaweza kutoka mmoja mwenye goti la baba na shida ya mama. Siwezi kukuahidi lolote."

"Kwa hiyo hujui."

"Sijui. Na ninyi pia hamjui. Hilo ndilo tatizo."

Nje, kituoni, nilimwambia Thirza biashara imekufa. Meza yangu iko pale pale kila Alhamisi, sina pa kujificha mteja akirudi na mbwa mgonjwa.

"Uoga," alisema.

"Uite utakavyo."

"Alisema wanaweza kutoka wazima wote."

"Alisema na mengine."

Sikumwamini hata kidogo. Nikaanza kufunga lango la ua, nikaweka na kitasa kipya. Lakini wiki chache baadaye, mchana kweupe, nikiwa napakua vyombo garini na lango liko wazi, nikageuka na kumwona Thirza amesimama katikati ya ua na kapu lake. Jinny alikuwa ndani. Meja, niliyemfungia bandani, alianza kulia na kuparura mlango kama mwendawazimu, nami nikajua jike ameshika joto.

"Nimekuja kununua ndoo," alisema Thirza.

"Ndoo ziko sokoni."

"Nimekosa subira."

Nikasimama kati yake na banda. Aliweka kapu chini.

"Bwana Tait," alisema, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza kuniita hivyo, "Amos hakuniachia kitu kingine. Nyumba ni ya kupanga. Picha hakupenda kupigwa. Huyu akienda, hakuna. Nifungulie mlango tu, halafu tusilaumiane. Watoto wote nitawachukua mimi."

"Utawaweka wapi?"

"Hilo langu."

"Na wakikakamaa? Jinny alipokuwa sakafuni, ulikuwa unafanya nini? Ulikuwa umefumba macho?"

Alilitazama kapu.

"Ukizeeka, ukashindwa kupiga magoti, nani atamfunika huyo mdogo?"

Alikaa kimya muda mrefu, na mara hiyo sikungojea bei yoyote. Meja aliendelea kulia bandani. Kisha Thirza akainama, akamrudisha Jinny ndani ya kapu maana alikuwa ameshatoa miguu ya mbele, akamfunika.

"Nipe ndoo," alisema. Nikampa. Akaigeuza dhidi ya mwanga kutafuta tundu, akalipa, akaondoka.

Kabla ya Krismasi alimpeleka Jinny kwa Bi Pringle akafungwa kizazi. Skonzi zilikoma, mkate ukakoma, na siku hizi Jinny hukakamaa mara chache, ingawa Thirza anasema daktari asijisifu, huenda ni hali ya hewa. Mbwa anaye, ukoo wa Amos hana. Mimi nililipa upasuaji wa goti la Meja kwa fedha ambazo hakuna mtoto wa mbwa aliyezirudisha, na mwalimu wa Newcastle akachoka kungoja. Alinunua chotara kwa mtu wa mji mwingine ambaye hakumwonyesha baba wala mama.

Mbwa huyo ninamwona kila kiangazi akija mlimani na mwenyewe. Ana ndevu, ana afya, anaruka mawe kama mbuzi. Thirza huja kusimama karibu na meza yangu wakipita, akimtazama mbwa miguu ya nyuma mpaka wapotee kwenye kona.

"Bado mdogo huyo," husema. "Mngoje."

Nami humngoja.