Buibui Niliyemzika Akiwa Hai

Aliyetuandikia anafanya kazi katika shamba moja upande wa Subukia. Ameomba tusitaje jina lake wala la bwana wake, nasi tumekubali. Someni mpaka mwisho, ndipo mseme.

Wasomaji wenzangu, mimi ni mwanamume wa miaka ishirini na sita. Nilioa mwaka jana, na mke wangu atajifungua mtoto wetu wa kwanza mwezi ujao. Tunakaa kwenye laini za wafanyakazi pamoja na mama yangu mzazi. Wote wawili wanajua mimi ni boi wa jikoni. Huo ndio uongo wangu, na ndiyo sababu nawaandikia ninyi msionijua.

Kweli niliajiriwa jikoni. Lakini bwana wangu ana stoo ya nyuma aliyoijaza makasha ya kioo. Mna chatu, vinyonga watatu, vyura wa rangi nisizowahi kuziona kwetu, na buibui mwenye manyoya, mpana kama kiganja changu, aliyeletwa kwa meli kutoka Amerika. Boi aliyenitangulia alipowaona alitupa ufagio akaenda zake. Mimi nikauokota. Bwana akanitazama akasema, "Wewe hapana ogopa? Basi wewe tachunga hii yote. Kama moja nakufa, wewe toka shamba, na mama yako toka."

Kwetu mtu hashiki kinyonga wala nyoka. Ni thahu, uchafu usiotoka kwa sabuni, na unaweza kumfuata hata mtoto aliye tumboni. Mama yangu haachi kanisa hata Jumapili moja, lakini akimwona kinyonga njiani anageuza safari. Ningemwambia nini? Na kuhama nako, siku hizi bila kibali cha bwana hufiki hata Nakuru, mnajua wenyewe. Nikanyamaza. Kila jioni nanawa mikono mara tatu kwa sabuni ya kufulia, nikifika nyumbani nasema leo tulipika keki.

Na kazi yenyewe, nisiwafiche, niliipenda. Nilijifunza kwamba kinyonga hanywi maji ya bakuli, lazima unyunyizie majani ndipo alambe matone. Panzi nawakata miguu ya nyuma yenye miiba kabla ya kuwagawa. Chatu akishameza panya simgusi siku kadhaa, la sivyo atamtapika. Asubuhi za baridi naweka jiko la makaa nje ya mlango, si ndani, maana moshi utawamaliza vyura. Yule buibui nilimwita Bibi, kwa vile alishinda mlangoni pa shimo lake akingoja kuletewa chakula.

Bwana alisafiri kwao Ulaya kwa miezi mitatu akaniachia ufunguo. Wiki chache baadaye Bibi akakataa kula. Nikimpa panzi, anamsukuma pembeni. Mchana mmoja nikamkuta amelala chali, miguu yote juu. Nikamgusa kwa kijiti, hakutikisika. Nililia, mtu mzima mimi. Nikamzika nyuma ya stoo, nikamfunika kwa udongo kidogo tu kwa sababu ardhi ilikuwa ngumu.

Siku tisa baadaye lori la krimu, lile linalochukua krimu ya maziwa mashambani, likaleta barua ya bwana. Alikuwa amesahau kuniambia jambo moja: buibui akilala chali nisimguse, anabadili ngozi.

Nilikimbia na jembe. Nikakuta ngozi tupu, yenye miguu yote minane, kama koti lililovuliwa. Kando yake palikuwa na tundu linalotokea nje. Tangu siku hiyo nazunguka nyuma ya stoo kila nikipata nafasi, nimejaza panzi mfukoni, namtafuta.

Juzi mke wangu akaniambia, "Kuna kitu kwenye kuni za mama. Kina manyoya, na ni kikubwa, sijawahi kukiona." Mama alikuwa ameshakiona. Hakukiua. Alisema mnyama huyo si wa nchi hii, ameletwa na thahu. "Kuna mtu wa nyumba hii ameshika kitu," akasema. Ameagiza mzee aje na kondoo wa kutuondolea thahu Jumamosi ya tatu kuanzia sasa, kabla mtoto hajaja. Kila mmoja wetu ataulizwa alichoshika, na atakayeficha, ubaya utamwendea mtoto. Kisha rundo lote la kuni litachomwa, na mpaka siku hiyo haruhusu mtu aliguse. Mama anakaa hapo mlangoni usiku na mchana, analilinda.

"Hata wewe utasema," akaniambia, "ijapokuwa wewe ni wa jikoni tu."

Nikisema ukweli, mama atajua kwamba mwaka mzima nimemletea thahu kwenye chakula chake, na mke wangu naogopa atarudi kwao na mimba yangu. Nikinyamaza, Bibi atachomwa, bwana atakuta kasha tupu, na sote tutalala barabarani. Na hapo nitakuwa nimedanganya juu ya kichwa cha mtoto wangu. Mimi nimebatizwa, nimefundishwa nisiogope mambo hayo. Naogopa.

Mke wangu hana shaka nami hata kidogo. Jana mtoto alikuwa anacheza tumboni. Akaichukua mikono yangu akaiweka hapo, akacheka. "Mikono yako inanukia sabuni kila siku," akasema. "Mtoto akizaliwa, mikono hii ndiyo ya kwanza nitakayomwekea mwilini." Sikuweza kuiondoa, na kuiacha pale nako nilishindwa kuvumilia. Nikasema naenda kuchota maji.

Gazeti hili hufika hapa siku ya Alhamisi kwa lori la krimu. Nitalisomea kulekule stoo, mbele ya kasha la Bibi lililo tupu. Nishaurini, ndugu zangu: nimwambie mke wangu sasa, akiwa bado anaipenda mikono hii, au ningoje Jumamosi ile, aambiwe na moto? Nifanye nini?