Nilivyotolewa Kwenye Barafu Nimekalia Pengwini

Jamani, nawasimulia hii kwa sababu video iko, na siku moja itawafikia, kwa hiyo afadhali muisikie kwanza kwenye mdomo wangu: mimi Goreti, mama mzima wa Cato Manor hapa Durban, nilitolewa kwenye uwanja wa barafu nikiwa nimekalia pengwini wa plastiki wa watoto, tena aliyenisukuma ni yuleyule mtu ambaye sikutaka hata kumsikia jina.

Chanzo ni wivu. Si wivu wa bwana, huo ningeuelewa. Ni wivu juu ya rafiki yangu Espe. Espe ni Mrundi kama mimi, ndiye aliyenipokea nilipofika Durban, na tunasuka nywele za wateja pamoja pale soko la Warwick, viti vyetu vinagusana. Basi siku moja akaja kusukwa dada anaitwa Shamim, mzaliwa wa hapahapa Durban, Mwislamu mwenye asili ya Zanzibar, anafanya kazi kwenye duka la dawa Overport. Alisukwa mara moja tu! Tangu hapo ikawa Shamim kasema hivi, Shamim anajua mahali iko samaki nzuri. Mimi nikimpa Espe kichekesho anatabasamu, lakini Shamim akimtumia sauti kwenye simu anacheka mpaka anaweka chanuo chini (hadi mteja wangu alinitazama kwa huruma).

Ndipo Espe akaniambia, "Masheri, mpenzi wangu, Jumamosi Shamim ananipeleka kuteleza kwenye barafu. Wewe sikukuambia kwa sababu wewe ni muoga."

Ningesema ndiyo, mimi muoga, nendeni salama, leo nisingekuwa na la kuwasimulia. Lakini mdomo ukanitoka: "Mimi? Mbona nilikuwa nateleza sana Bujumbura, kwa viatu vya magurudumu, kabla hatujajuana!"

Espe akafurahi kweli. "Basi utatufundisha!"

Eish. Nikaanza kutafuta pa kujifunzia kwa siri. Simu ikanionyesha uwanja mmoja tu wa barafu, uleule wa Jumamosi, na ukumbi wa magurudumu huko Overport, nikaenda mbio baada ya kazi, nikakuta siku hizi wanauza magodoro. Kijana wa dukani akaniambia kwa upole kwamba ukumbi ulifungwa zamani, ila kama nataka godoro wana punguzo. Nikarudi nyumbani nikafanya mazoezi sebuleni kwa soksi juu ya vigae, na kwa kuwa sikuanguka nikajiona nimeiva.

Jumamosi tukavaa vile viatu vyenye chuma kama kisu chini. Shamim akaniuliza, "Dada Goreti, nikuletee pengwini wa kushikilia? Watu wengi wanaanza naye."

"Mpe Espe," nikamjibu, pua juu.

Espe hakumhitaji, maana Shamim alimshika mkono, wakaondoka polepole wakicheka, na mimi nikabaki nimekumbatia ukuta kama mtu anayeagana na ndugu. Walipita mara ya kwanza, wakanipungia mkono. Walipopita tena Espe alikuwa ameegemeza kichwa begani kwa Shamim kwa kicheko, hata hakuniona, na hapo moyo ukanichoma, nikaachia ukuta niwafuate.

Kwenda nilikwenda. Kusimama ndiyo sikujua. Mbele yangu kulikuwa na watoto wa sherehe ya kuzaliwa wameshikana mikono na baba yao mwishoni, nikapiga kelele "Yesu wangu!", nikamdaka yule baba koti, baba akaenda chini, akavuta watoto, wote wakanilalia, na katikati ya vilio nikasikia suruali yangu ikichanika nyuma, mlio mrefu ambao haukutaka kuisha. Muziki ukazimwa. Sauti ikatoka kwenye spika: "Mama mwenye jaketi la njano, tafadhali usijaribu kusimama."

Aliyefika kwanza ni Shamim. Hakucheka. Alivua sweta lake akanifunga kiunoni, akamvuta pengwini karibu, akasema, "Kaa, dada, nakutoa." Akanisukuma uwanja mzima, watu wanapiga makofi, mtoto mmoja anapaza sauti, "Sharp, mama, sharp!" yaani safi kabisa, na simu zinaturekodi.

Kwenye benchi Espe alikuja machozi yakimtoka kwa kicheko. Shamim alikuwa amekwenda kununua chipsi.

"Goreti, kwa nini ulidanganya?"

"Kwa sababu ungekuja naye bila mimi."

Kicheko kikamwisha. Akanitazama. "Ningekuja, ndiyo. Halafu Jumatatu ningekuhadithia nani, kama si wewe?"

Shamim akarudi na chipsi zenye siki, akaniuliza kama nimeumia, nikasema hapana (uongo mwingine, wiki nzima nilisuka nimesimama).

Wivu bado ninao, sitawaficha. Simu ya Espe ikilia nageuza shingo kabla yake. Lakini sasa namwambia waziwazi, "Mimi nina wivu, niwekee na mimi nisikie huyo Shamim wako kasema nini," na ananiwekea, na mara nyingine, Mungu anisamehe, ni kichekesho kweli. Kuhusu barafu nimeapa: nitaiona kwenye glasi ya soda tu.